Taa ya Siliveste na Lori la Kasansa

Jumatatu, 6 Oktoba 1975

Plagi zote za lori la Kasansa, kijijini kwetu, nimebadilisha leo, kwa kuwa linazima njiani. Mpya kabisa. Limewaka mara moja, nikalizungusha hadi stesheni na kurudi, likanguruma vizuri. Kaka Fidelis, dereva wake, akapanda akaenda zake kufuata mpunga.

Siliveste alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji na kikombe chake cha chai. Akauliza, plagi za zamani zilikuwa na rangi gani, eti rangi husema ugonjwa. Nikamwambia zilikuwa na rangi ya plagi. Akacheka. Mtu huyu anacheka kila kitu. Meno yote nje asubuhi na mapema.

Ametoka Katumba, kwenye makambi ya Warundi. Kwao alisomea ufundi darasani, na hakuna siku inayopita bila kutukumbusha. Mzee Nsokolo, mwenye gereji, alimpokea wakati wa kiangazi akasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikuwa mgonjwa.

Mzee macho yamechoka. Krismasi ikipita anarudi kwao Kabungu kulima, na gereji anamwachia fundi wake. Fundi wake ni mimi, Gervas, niliyeanza hapa kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa mpaka kucha zikabadilika rangi. Mpanda nzima inajua ufunguo wa gereji ni wangu. Au ilikuwa inajua.


Alhamisi, 9 Oktoba

Gari la daktari limelala tangu juzi. Haliwaki. Mimi nilisema motastata imekufa, tuagize Tabora, ije na treni. Daktari akakubali. Mzee akakubali. Mambo yamekwisha.

Hayajaisha. Siliveste akatoa kijitaa chake. Ni balbu ya gari iliyofungwa waya mbili, basi, hakuna cha ajabu. Anagusisha hapa, anagusisha pale, inawaka, haiwaki, yeye anaimba kwa Kirundi. Nikasema moyoni huyu ni mganga wa kienyeji. Mwisho akafungua waya mnene wa betri pale uliposhikwa kwenye chasisi, akausugua kwa msasa, akaufunga. Gari likawaka!

Hakuna kifaa kilichobadilishwa. Hata skurubu moja.

Daktari kamshika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, wewe ndiye daktari mwenzangu. Watu wakashika hapo hapo. Jioni, sokoni, nimemsikia muuza dagaa akimwita Daktari wa Magari. Nimerudi nyumbani bila dagaa.

Nina wivu. Naandika hapa kwa sababu kwingine kote nasema kichwa kinauma.


Jumapili, 12 Oktoba

Misa. Siliveste amekaa benchi la mbele, anaimba sauti ya pili bila kitabu. Hata hilo analijua!

Tukiwa tunatoka, mke wangu, Mama Oresta, akamsalimia. Akamuuliza habari za familia kule Katumba. Kisha njiani akaniambia yule mgeni ana adabu, halafu mikono yake misafi, utafikiri si fundi. Nikamwambia mikono yake misafi kwa sababu hafanyi kazi, anachezea taa. Mchana akafunga karanga kwenye gazeti, akasema kesho umpelekee yule mtu, anakaa peke yake.

Karanga nimekula mwenyewe. Zote. Sasa tumbo linaniuma kweli.


Jumatano, 15 Oktoba

Lori la Kasansa limerudi na ugonjwa ule ule.

Kaka Fidelis anasema linatoka Kasansa vizuri, Usevya vizuri, Kibaoni vizuri. Likifika mbuga ya Katavi linaanza kukohoa, linapoteza nguvu, linazima. Analipigia stata mpaka betri inalalamika. Anakaa na mbung'o wanamla. Akishakata tamaa, analijaribu tena, linawaka kama halikuwa na neno. Linakuja hadi Sitalike, linazima tena.

Pampu ya petroli. Hiyo iko wazi. Nimeweka ile mpya ya mwisho iliyokuwa stoo. Nimelizungusha mjini, mara tatu, safi.

Siliveste hakuulizwa, akajibu. Eti kitu kinachopona kikipumzika hakihukumiwi kikiwa kizima. Eti twende nalo mpaka lizime, tulipime likiwa limezima pale pale. Injini inataka moto, inataka petroli, inataka hewa, mtu aanze kimoja, akimalize, aende cha pili. Asibadili kabla hajapima. Anapenda sana neno hilo, pima. Analitamka kama padre anavyotamka amina.

Nikamwambia lile ni lori la kijiji chetu, dereva wake ni kaka yangu wa tumbo moja, na mpunga ulioko kule ni wa mama yangu pamoja na wa wengine. Halihitaji mpimaji. Mzee Nsokolo alikuwa anasikia. Zamani angesema, Gervas anajua.


Ijumaa, 17 Oktoba

Mzee kaniambia lori likirudi, nimwache Siliveste aliangalie na taa yake. Ameniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma.

Nikangoja Siliveste ameenda msalani. Nikachukua taa, nikaizika kwenye sanduku la pistoni za zamani, chini kabisa. Mtu mzima mimi, nina watoto.

Aliporudi akatafuta kidogo. Akatazama benchi, akatazama chini ya benchi. Hakuuliza. Akaomba balbu kwa Mzee, akakata waya mbili, akaunganisha. Chai yake ilikuwa bado inatoa moshi alipomaliza.

Hasira zangu zote zimeishia kwenye pistoni.


Jumatatu, 20 Oktoba

Limezima tena. Mbugani, na magunia juu, na Mwenyekiti wa kijiji akiwa ndani. Nyati walikuwa wanapita karibu, Mwenyekiti anasema alisali rozari yote na mafumbo mengine akayatunga.

Leo Mwenyekiti kaja gereji mwenyewe. Vumbi mpaka kope. Akasema Ndugu Gervas, sisi tunakupenda, wewe ni mtoto wetu. Ukianza kusikia hivyo ujue unapigwa. Akasema mpunga wa watu bado uko Kasansa, mvua ikianza mbuga haipitiki, utaozea huko. Plagi umebadilisha, koili umebadilisha mwezi uliopita, pampu umebadilisha. Kisha akageuka, akamuuliza Mzee, yule Mrundi wa daktari yuko wapi?

Mbele yangu. Nimeshika spana mkononi, mtu wa kwetu, aliyekula harusi yangu, anauliza Mrundi yuko wapi!

Nikasema kabureta. Nimesema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Ipo kabureta nzima kwenye lori bovu lililoko uani, naihamisha leo leo, na Jumatano nakwenda nalo mwenyewe hadi Kasansa. Mzee akasema vizuri, nenda. Na Siliveste aende.

Halafu akasema lile neno. Kwamba atakayeliponya lori lile, Kasansa itamjua ndiye fundi wa gereji hii. Hakunitazama aliposema. Alikuwa anatazama ufunguo.


Jumatano, 22 Oktoba

Naandika nikiwa kwa mama, Kasansa. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Tumetoka Mpanda asubuhi, lori tupu, tangi limejazwa mpaka juu. Kaka Fidelis anaendesha, Siliveste katikati, mimi dirishani. Kabureta yangu inavuta vizuri. Sitalike tumevuka daraja, viboko wamejaa mtoni, Siliveste akawasalimia kwa kupunga mkono. Mimi nikaanza kupiga mluzi.

Mbugani, kabla ya kufika kokote, likakohoa.

Mluzi ukanifia mdomoni. Likazima.

Siliveste akashuka kama mtu aliyefika kwake. Akavua shati safi, akavaa la kazi. Akaweka taa yake kwenye koili, Fidelis akazungusha, taa ikawaka na kuzima, ikawaka na kuzima. Platini, ile inayokata na kuunganisha umeme, inafanya kazi. Akachomoa waya wa plagi, cheche ikaruka. Akasema, moto upo, tumeachana na moto. Kumbe ile koili niliyoitupa haikuwa na kosa. Wala plagi. Nilisimama hapo mbung'o wananing'ata shingoni, nikahesabiwa makosa yangu bila yeye kusema neno.

Akafungua mrija pale unapoingia kwenye kabureta. Fidelis akazungusha. Kavu. Petroli haifiki. Akasema, basi tunarudi nyuma polepole, tuone inaishia wapi. Akainama kuupuliza mrija kwa mdomo, matone yaliyobaki yakamrukia jichoni. Akapiga kelele. Fidelis akamshika mkono, akampeleka nyuma ya lori kwenye debe la maji kumwosha.

Nikabaki peke yangu. Nikasema ngoja nitazame tangi, angalau nijue kama petroli ipo.

Kifuniko cha tangi kilikuwa kimezungushiwa nta ya nyuki. Nta nzuri, ya manjano, imepakwa kwa dole gumba pande zote na juu pia. Nikaikwangua kwa bisibisi. Nikakinyanyua kifuniko kidogo.

Fyuuuuu.

Tangi lilivuta pumzi. Pumzi ndefu, kama mtoto aliyekuwa amelia mpaka akakauka. Na mimi nikaelewa yote kwa mara moja, nikakaa chini kwenye nyasi.

Kwetu kinachovuja kinazibwa nta. Kibuyu, ndoo, mtumbwi, mzinga wenyewe. Mpira wa kifuniko ulikufa, petroli ilikuwa inarukaruka nje barabarani, na siku hizi petroli ni ya kutafuta kwa tochi. Kaka Fidelis akachukua nta ya mama, akaziba, na kila akijaza tangi anaziba upya pembeni. Akaziba na kile kitundu kidogo cha kupitishia hewa. Petroli inatoka, hewa haiingii badala yake, mwisho tangi linaing'ang'ania petroli, pampu inavuta bure. Likipumzika, hewa inapenya taratibu, linawaka. Na kila nilipofungua kitu, pampu, mrija, kabureta, hewa ilipita humo humo ikaingia tangini, lori likapona, nikajisifu.

Hakuna nilichowahi kukitengeneza. Hata kimoja!

Nilikuwa na nafasi ya kupiga kelele, njooni muone. Nikaifikiria sawasawa. Nikisema, kosa ni la kaka yangu. Na njia ya kulitafuta ni ya Siliveste, yeye ndiye aliyetoka kwenye moto akaja kwenye petroli, angemaliza kuosha jicho angefika tangini mwenyewe. Sasa changu mimi kiko wapi? Kasansa wataambiwa Mrundi kaliponya.

Nikachukua msumari. Nikatoboa tundu kwenye nta mpaka pale kitundu cha hewa kilipo. Nikafunga kifuniko. Nikafunga mrija. Waliporudi walinikuta nimeinama kwenye kabureta na bisibisi, nasema ilikuwa taka tu, nimeshaitoa.

Likawaka. Halikuzima mpaka Kasansa.

Njia nzima Siliveste hakuimba. Jicho jekundu, anatazama mbele. Mara moja akanitazama mimi. Hakucheka.


Jumamosi, 25 Oktoba

Safari mbili lori limekwenda na kurudi bila kuzima. Magunia yako stesheni. Mwenyekiti kanikumbatia mbele ya watu wa treni, anasema damu nzito kuliko maji, mtoto wa nyumbani hashindwi. Mama ametuma kuku. Kaka Fidelis anamwonyesha kila mtu kabureta, kama ni yeye aliyeizaa.

Mzee Nsokolo hakungoja Krismasi. Amenipa ufunguo leo. Alinishika bega, akasema nilikuwa nimeanza kuwa na wasiwasi na wewe, nisamehe. Mzee kaniomba mimi msamaha. Nilitamani ardhi inimeze, ila nilinyoosha mkono nikapokea.

Siliveste amefunga nguo zake kwenye mfuko wa unga. Anasema atafanya kazi kule kule Katumba, yapo matrekta. Akanipa mkono. Akasema kabureta yako ni nzuri sana, Fundi Gervas. Sikujua anamaanisha nini. Mpaka sasa sijui.

Nimefurahi. Mama Oresta kaniuliza mbona umenuna, nikasema nimefurahi.


Jumapili, 2 Novemba

Misa ya marehemu wote. Nafasi ya benchi la mbele ilikuwa wazi, sauti ya pili haikuwepo, wimbo ukapwaya. Watu wakaanza kuulizana, yule Mrundi kaenda wapi? Hata kwa marehemu wanamuuliza yeye.

Wiki nzima gereji imejaa nzi. Gari la daktari lilipita Alhamisi, sikuisikia breki. Limekwenda Katumba. Mwenye mashine ya kusaga naye amebeba mashine yake juu ya mkokoteni, kapita hapa mlangoni, kanisalimia vizuri, kaelekea huko huko. Mkokoteni! Bora aende Katumba kwa mkokoteni kuliko kusimama kwangu.

Ufunguo ninao na wivu ninao. Nilidhani kimoja kikija kingine kitatoka.

Mawingu yameanza upande wa Ufipa. Kasansa wamebakiza safari moja, mpunga wa mwisho, wa mama umo. Nimemwambia kaka awahi.


Jumatano, 12 Novemba

Mvua kubwa ya kwanza imenyesha tangu jana. Lori lilitakiwa kufika jana.

Halijafika.

Nimekwenda barabarani mara nyingi, nimesimama, nimerudi. Najiambia ni matope. Tundu lipo, hewa inaingia, haliwezi kuzima. Itakuwa matope.


Alhamisi, 13 Novemba

Haikuwa matope.

Kaka Fidelis kaingia mchana. Tope mpaka kiunoni, macho yameingia ndani. Turubai lilichanwa na matawi, magunia ya upande mmoja yameloa chapachapa. Tuliyafungua pamoja kwenye uwanja wa stesheni. Mpunga umevimba, mwingine umeanza kuota. Magunia ya mama yalikuwa upande ule. Mjane wa Kapufi, jirani yetu, mpunga wake wote ulikuwa upande ule.

Aliniambia tukiwa tunafungua gunia, hakuacha kufungua. Wiki iliyopita aliona petroli inaruka kutoka juu ya kifuniko. Akatazama, akakuta tundu kwenye nta. Akadhani ni jiwe au panya. Akaziba vizuri, safari hii tabaka mbili.

Angejuaje? Nani alimwambia?

Likazima katikati ya mbuga, mvua inapiga, mto Katuma unapanda. Akalipigia stata mpaka betri ikafa. Walilala hapo na utingo, simba wananguruma ng'ambo. Jana asubuhi likapita trekta la Katumba linalokwenda kuvuta greda Kibaoni, na juu yake nani? Siliveste. Akashuka. Hakutoa hata taa, anasema Fidelis. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akakwangua nta, akamwita Fidelis na utingo waje wasikilize. Fyuuu. Akawaeleza kama watoto wa shule mpaka wakaelewa, akatoboa bati la kifuniko lenyewe, akawaambia hapa msizibe kamwe, petroli ikiruka funikeni kwa kitambaa. Trekta likawavuta, lori likawaka, ila mto uliwazuia mpaka leo.

Mpaka hapo ningevumilia. Ningesema haya, amenishinda, amewaambia mimi ni mwongo, na ni kweli.

Lakini Fidelis alisema hivi. Siliveste kawaambia, hili tundu la kwanza alitoboa Fundi Gervas. Alishauona ugonjwa. Mimi nimefuata tundu lake tu.

Kwa hiyo siku ile ile aliona. Aliona msumari, aliona nta iliyokwanguliwa chini, akanyamaza akafunga nguo zake. Na jana, kwenye mvua, mbele ya kaka yangu, akaniachia heshima yangu.

Kaka akanyoosha mgongo. Akasema mdogo wangu, kama ulitoboa wewe, mbona hukuniambia? Tungekuwa tunacheka hapa.

Nikasema nilisahau.

Mficha maradhi kifo humuumbua, mama husema. Maradhi niliyaficha mimi, na walioumbuka ni mjane wa Kapufi na mama. Nimetandaza mpunga wao juani mpaka jua lenyewe limekataa. Jua la masika halikaushi kitu.

Nilimwonea wivu kwa taa. Kwa sauti ya pili. Kwa mikono. Sasa namwonea wivu kwa hili, na hili siwezi kulificha kwenye pistoni.


Jumapili, 16 Novemba

Sikwenda misa. Nimechimbua taa kwenye sanduku, nikaifuta, nikapanda baiskeli hadi Katumba. Mama Oresta aliona nimebeba nini. Akanipa karanga, zimefungwa kwenye gazeti, akasema hizi zifike.

Njia yote nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na maneno mazuri, yenye mwanzo na mwisho.

Ana kibanda cha nyasi, na trekta limefunguliwa tumbo lote. Gari la daktari lipo. Wapo watu wamekaa kwenye gogo wanangoja zamu. Alikuwa ameinama, anaimba. Aliponiona akanyamaza kuimba.

Maneno yote yakanipotea. Nikampa karanga. Nikampa taa.

Akaitazama taa. Akasema alijua iko kwenye pistoni, aliuona waya wake ukichungulia siku ile ile. Kisha akacheka, meno yote nje. Mara ya kwanza sikuchukia. Yaani nilichukia kidogo.

Nikamwambia, lile tundu halikuwa langu peke yangu. Nimeshamwambia kaka yangu ukweli wote jana, na Mwenyekiti nimempelekea salamu ajue. Nikamwambia gereji ina nafasi, benchi ni refu, arudi. Akafikiri. Akasema hapana Fundi, hapa watu wangu wapo, na magari yameshaijua njia. Hakusema kwa kiburi. Ila magari yameshaijua njia kweli, yalikuwa hapo nyuma yake.

Akanirudishia taa. Kaa nayo, anasema, mimi ninayo nyingine, si unajua.

Tumekula karanga pamoja. Watu wakangoja.


Jumanne, 18 Novemba

Mvua asubuhi, mchana imekata.

Dereva mmoja wa Mwamkulu ameleta pikapu. Inazima ikipita kwenye mashimo. Kaja na maneno tayari, fundi weka koili, mwenzangu naye alikuwa hivi akaweka koili. Koili ipo kwenye shelfu. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, ukaigusa kabisa.

Nikaurudisha. Nikachukua taa.

Imenichukua muda. Nilikosea mahali pa kuanzia, nikarudi mwanzo. Dereva akaanza kuguna. Taa inawaka, koili nzima. Nikaenda mbele kidogo, inawaka. Mbele tena, nikatikisa waya, ikazima. Nikatikisa, ikawaka. Waya umekatika ndani ya mpira wake, kwa nje unaonekana mzima. Nimeuunga, nimeufunga utepe.

Nikamwita dereva. Nikamwambia inama, shika hapa, tazama kilichokuwa kibovu na kwa nini, ili usije ukakiharibu tena. Akatazama. Akasema ala, kumbe ni hiki tu. Akauliza, Fundi Gervas, haya ya taa umejifunza wapi?

Nilikuwa nafuta mikono. Nikaendelea kuifuta, ingawa ilikuwa imeshatakata. Roho bado iliniuma, sitaandika uongo hapa.

Nikamwambia, Katumba.